Aliyesomea Vichwani mwa Watu

Ukitaka kumcheka binti huyu, mcheke, lakini ujue mapema kwamba mwenyewe alishajicheka hadi akachoka. Nyumbani walimwita Wastani, na jina hilo hakulipata bure. Kila ripoti ya shule ilirudi na neno hilo hilo: hisabati wastani, kemia wastani, na nidhamu, jamani, hata nidhamu nayo wastani! Siku moja kaka yake aliisoma ripoti kwa sauti wakiwa mezani, wote wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kuitikia. Mwalimu akiuliza, "Tumeelewana?" Wastani ndiye wa kwanza kusema ndiyo, tena kwa sauti ya juu, ili mwalimu asonge mbele asije akamsimamisha mbele ya watu. Mwalimu alisonga mbele, Wastani akabaki palepale. Alimaliza sekondari na alama za katikati, zile ambazo huwezi kuzitangaza wala kuzililia. Kwa hiyo aliposema anataka kuwa daktari, shangazi yake aliweka kikombe chini taratibu.

"Daktari wa nini, mwanangu?"

"Wa watu, shangazi."

"Aaa," shangazi akasema, akachukua kikombe chake tena. "Wa watu."

Chuo cha sayansi kilichompokea kilikuwa na viti vilivyokosa wa kuvikalia, na yeye hakuona haya kukalia kimoja. Asubuhi alikuwa darasani, mchana alikuwa saluni kwa mama yake. Saluni yenyewe chumba kimoja tu: kioo kirefu, draya inayonguruma, sinki la kuoshea lenye bomba bishi, na viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kilishagoma kuzunguka. Mama aliosha, akapaka dawa, akakausha. Wastani alisuka. Na kwenye kusuka, nakuambia, hakuna aliyethubutu kumwita wastani. Wanawake walivuka mitaa mitatu wakipita saluni nyingine njiani, waje kuweka vichwa vyao kwenye mikono ile.

Mtihani wake wa kwanza wa chuo ulikuwa wa figo. Alifeli, tena kufeli kwa kishindo. Akaja saluni na uso umemvimba, akashika kichana, akaanza kumsuka bibi mmoja fundi cherehani huku machozi yanamdondokea bibi wa watu utosini.

Bibi huyo mtaani walimwita Bi Kwa Nini. Ukimsalimia atakuuliza kwa nini umechelewa kumsalimia.

"Paa linavuja," Bi Kwa Nini akasema. "Unalia nini?"

"Nimefeli figo, bibi."

"Haya nieleze hilo figo, nami nilijue adui yako."

Wastani akafuta pua kwa mkono wa gauni, akamwaga yote aliyoyakariri: figo huchuja damu, hutoa vyote vidogo vidogo, kisha hurudisha ndani vile vinavyohitajika, uchafu unaenda kwenye mkojo.

"Ngoja, ngoja," bibi akainua mkono kutoka kwenye khanga aliyofungwa mabegani. "Linatoa vyote, halafu linachukua tena vizuri? Kwa nini? Kwa nini lisichague tangu mwanzo, likaacha vizuri palepale?"

Wastani akafungua mdomo aitikie kama kawaida yake. Sasa aitikie nini? Hakuna wa kumwambia ndiyo. Mwalimu unaweza kumdanganya akaenda zake, lakini mtu uliyemsuka nusu kichwa haendi popote. Na Bi Kwa Nini alikuwa anamtazama kwenye kioo bila kupepesa.

"Sijui, bibi," akasema.

"Basi ujue kabla sijaja kufumua."

Ndiyo mara ya kwanza Wastani alifungua kitabu kwa sababu mtu anasubiri jibu. Alisoma, akamuuliza mwalimu wake, akasoma tena. Bi Kwa Nini aliporudi, hakungoja hata akae vizuri. "Bibi, droo yako ya vifungo ikijaa takataka, unafanyaje? Unaokota takataka moja moja?"

"Namwaga zote mezani, narudisha vifungo vyangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu vifungo vyangu navijua, takataka zinakuja za kila aina, nitazijulia wapi zote?" Bibi akajipiga paja. "Loo! Kumbe figo lina akili hivyo?"

Wastani alicheka mpaka kichana kikamponyoka. Kwenye mtihani wa marudio wa figo alipata alama ambazo mwalimu alizihakiki mara mbili, akidhani amejumlisha vibaya.

Basi ikawa ndiyo sheria ya kiti chake. Ukikaa, unafundishwa. Mistari ya kwenda nyuma ilikuwa somo fupi, kama vile ngozi au jicho. Rasta ndogo ndogo zilibeba mfumo wa fahamu wote, na ole wako ukitaka zifike kiunoni, utaondoka na homoni zote kichwani. Akimaliza kueleza alikushika kichwa kwa mikono miwili, akakutazama kwenye kioo na kusema, "Haya, nirudishie." Usipomrudishia, mstari wa mwisho hausukwi. Wapo waliolalamika kwa mama mwenye saluni kwamba wamekuja kupendeza, hawakuja shule. Lakini walirudi. Mmoja alimuuliza nesi zahanati kama huo mshipa anaoutafuta ni wa kupeleka au wa kurudisha, nesi akamsogezea kiti akidhani ni mkubwa wa kazi aliyekuja kukagua.

Akamaliza shahada akiwa wa kwanza darasani, watu wa nyumbani wakapigwa na butwaa, na kaka yake akawa anasema "dada yangu" pale ambapo zamani angesema jina lile. Akaomba chuo cha udaktari. Wakamwita kwenye usaili.

Hapo ndipo mama yake alipomkalisha kwenye kiti kilichogoma kuzunguka, akasimama mbele yake na taulo begani.

"Watakuuliza umefanyaje mpaka ukabadilika. Useme maktaba."

"Lakini mama..."

"Maktaba! Usitaje saluni. Wale ni maprofesa. Ukisema saluni watakuona mtu wa mchezo, na nafasi yako itaenda hivi hivi. Umenisikia?"

Wastani alitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Akaitikia. Ile "ndiyo" yake ya zamani ilikuwa bado imo.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na wakubwa watatu nyuma yake. Katikati alikaa mwenyekiti, profesa mwenye upara unaong'aa. Kushoto mzee mmoja mwembamba aliyeandika muda wote. Kulia daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke wa makamo, amesuka rasta. Wastani alimsalimia kila mmoja kwa heshima, akakaa, akabana mikono katikati ya magoti.

"Binti," mwenyekiti akaanza, "nina vyeti viwili hapa. Hiki cha sekondari na hiki cha chuo. Ni vya mtu mmoja?"

"Ni mimi, profesa."

"Nini kilitokea?"

"Maktaba."

"Maktaba ipi?"

"Ile... kubwa."

Mzee mwembamba akaacha kuandika, jambo lililomtisha Wastani kuliko kama angeendelea. Daktari wa rasta akaona binti anazama, akamtupia kamba. "Tuache hayo. Mimi ni mgonjwa wako. Nina shinikizo la damu, na vidonge nimeacha kunywa kwa sababu najisikia mzima kabisa. Nieleze."

Swali rahisi! Somo hilo alishawafundisha wanawake wasio na idadi. Akafungua mdomo. "Shinikizo la damu ni..." Maneno yakakauka. "Ni hali ambayo..." Vidole vyake vilikuwa vinacheza magotini vikitafuta kitu cha kushika. Jasho likamtoka. Mwenyekiti akatazama saa. Wastani akaona nafasi yake inaondoka mlangoni, na yeye amekaa anaiangalia.

Sijui nikuelezeje kilichofuata. Mwenyewe hadi leo anasema hakuamua, miguu ndiyo iliyoamua. Alisimama, akazunguka meza, akapita nyuma ya mwenyekiti, akafika nyuma ya daktari bingwa wa upasuaji, akamshika kichwa.

"Inamisha kidogo, mama," akasema.

Na daktari bingwa akainamisha!

Basi maneno yakaja yenyewe. "Mama, damu yako inapita kwenye mishipa kama maji kwenye mpira wa bustani. Sasa mpira ukiubana, maji yanasukuma kwa nguvu, siyo? Mpira haukuambii kwamba unaumia. Unaona bustani inamwagiliwa, unasema mambo safi. Kumbe kwa ndani unachakaa kidogo kidogo, kwenye figo, kwenye macho, kwenye ubongo. Siku ukipasuka ndiyo unajua. Kidonge hakikupi nafuu unayoihisi, kwa sababu maumivu hukuwa nayo. Kinaulegeza mpira. Kunyamaza kwake ndiko kunakofanya tukunywe... tukunyweshe hizo dawa, mama, unanipata? Geuka huku." Vidole vilikuwa vimekuta rasta moja nyuma ya sikio imelegea, vikaifumua na kuisuka upya vyenyewe. "Haya, nirudishie."

"Mpira haupigi kelele," daktari akasema, kichwa bado kimeinama. "Kwa hiyo kujisikia mzima siyo sababu ya kuacha vidonge."

"Safi sana, ma..."

Ndipo Wastani alipoinua macho akitafuta kioo, akakuta ukuta. Mwenyekiti alikuwa ameshika upara wake kwa mkono mmoja, huenda kwa kujihami.

"Binti," akasema, "unafanya nini?"

Machozi yakamtoka Wastani papo hapo. Mikono akaivuta nyuma kama iliyoungua. "Nisameheni. Haki ya Mungu, nisameheni. Hakuna maktaba. Mimi nimesomea saluni kwa mama yangu. Nimesomea vichwani mwa watu."

Mzee mwembamba alikuwa wa kwanza kucheka. Akacheka hadi miwani ikashuka, na mwenyekiti naye mabega yakaanza kumtingishika. Daktari hakucheka. Alikuwa anaipapasa rasta yake nyuma ya sikio.

"Kaa," akamwambia. "Kwa nini saluni ikaweza na shule isiweze?"

Wastani akakaa, akajifuta. Sasa hakuwa na cha kupoteza, akasema kweli. "Shuleni nilikuwa nasema nimeelewa ili waniache. Wakaniacha. Saluni kuna bibi mmoja aliniuliza swali na hakuondoka. Nilijifunza kusema sijui, halafu nikajue."

Mwenyekiti akajikohoza, akarudisha uso wa kazi. Akamuuliza swali la ini, refu na gumu, lenye vimeng'enya ndani yake. Wastani alilifuata mpaka katikati, akapotea. Moyo ulimwambia abahatishe. Kila kitu alichokitaka kilikuwa juu ya meza ile.

"Sijui, profesa," akasema. "Ila nikitoka hapa nitajua."

Mwenyekiti akaandika kitu kifupi, akamwambia aende.

Hakumficha mama. Alimweleza yote siku hiyo hiyo, mpaka kichwa cha daktari bingwa, na mama akakaa na kusema "Yesu wangu" mara nyingi, kisha akainuka akasugua sinki ambalo lilikuwa safi. Siku zilizofuata hakuna aliyelitaja jambo hilo. Jibu la ini Wastani alishalipata kesho yake, akamsomesha Bi Kwa Nini lote, ingawa halikuwa na faida tena.

Ujumbe uliingia kwenye simu mchana, saluni imejaa. Wastani aliusoma. Akausoma tena. Akampa mama simu. Mama akasoma kwa kunong'ona, neno kwa neno, mpaka pale paliposema amekubaliwa, na wateja wakapiga vigelegele hadi aliyekuwa chini ya draya akatoka akiuliza kuna nini. Bi Kwa Nini, nusu kasukwa nusu timutimu, alikuwa anapiga makofi na kuuliza masomo yanaanza lini na kwa nini yasianze mapema.

Mama hakupiga kigelegele. Alimfuata binti yake, akamvuta kando karibu na sinki.

"Nilikuambia useme maktaba," akasema taratibu. "Siyo kwa ajili yako. Mimi ndiye nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya saluni, mama?"

"Ya kwangu. Miaka yote hii unafundisha humu, wateja wote wanarudisha somo, mimi naitikia kwa kichwa, ufagio mkononi. Unadhani nilikuwa naelewa?" Macho yalimjaa machozi. "Sijaelewa hata moja. Nilikuwa naogopa kuuliza, isionekane mama wa daktari ni mbumbumbu. Na sasa unaondoka."

Wastani alimwangalia mama yake. Kisha akamwomba Bi Kwa Nini ahamie kiti kilichogoma, akakung'uta nywele kwenye kile kinachozunguka, akamkalisha mama, akamfunga khanga mabegani.

"Tuanzie wapi?" akauliza, akipasua njia ya kwanza.

Mama akajitazama kwenye kioo. "Figo," akasema. "Polepole."