Mawe Kwenye Kiti cha Mama Kahindo

Mjini Goma watu huhesabu miaka kwa vita, lakini Papa Télesphore alihesabu vita kwa mabati ya gari lake. Boneti jekundu alilipata baada ya askari waliokuwa wakikimbia kulikalia la kwanza mpaka likawa sahani. Ubavu wa kijani ulikuja baada ya lori kumkwangua katika msongamano wa wakimbizi. Mlango wa abiria, ambao ulikuwa mweupe, aliutoa kwenye gari lililopinduka njia ya Sake, na mlango huo haukuwahi kupatana na gari hata siku moja. Juu uliacha ufa wa kupitisha mkono, chini ulisugua bati, na ukitaka kuufunga ilibidi uuinue, uupige nyonga, kisha uombe Mungu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Télesphore hakuziba ufa wala hakujenga ukuta. Aliendesha tu, akibeba wamama na beseni zao za sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kutoka ufukwe wa Kituku hadi sokoni, na miongoni mwao alimpenda mmoja. Alikuwa Mama Kahindo, mjane, mtu wa Butembo aliyeolewa Kiwanja na kukimbilia Goma na watoto wake wakati wa vita vya 2008. Télesphore, mjane naye, mtu wa milima ya Masisi, aliamini mapenzi yake ni siri. Mji mzima ulimwachia imani hiyo, maana haikumdhuru mtu.

Siku moja, kwenye shimo la Katindo, mlango ulifunguka wenyewe. Beseni ikatangulia, sambaza wakatawanyika barabarani, na Mama Kahindo akabaki amening'inia nusu ndani nusu nje. Alishuka, akautazama mlango.

"Papa Télesphore," alisema, "siku huu mulango utafungika bila mutu kuushika, uniite. Mbele ya ile siku, apana. Ata unibebe bure."

Akaenda zake kwa miguu. Télesphore alisikia uchungu, kwa sababu Jumapili ya wiki ile alikusudia kumwomba mama huyo ampeleke kwa kaka yake, ajitambulishe kama mwanamume anavyojitambulisha. Sasa angejitambulisha vipi, mtu asiyeweza hata kufunga mlango?

Kesho yake asubuhi alikuwa mtaa wa Mapendo kwa Wenceslas, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, na kwa kuwa moyo ulijaa akamweleza yote, mpaka habari ya kaka mtu. Wenceslas aliapa kuifunika siri hiyo. Kabla ya saa nne Perpétue, muuza mandazi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anaijua kuliko mwenyewe.

Wenceslas alilegeza bawaba, akainua mlango kwa jeki na kipande cha ubao, akagonga hapa, akakaza pale. Akaufunga. Tuk! Télesphore alikaribia kumbusu fundi. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha abiria, akavuta mlango. Ukagoma.

"Nilijua," alisema Wenceslas, akiinama kuchungulia chini. "Hii gari ilibeba kambi muzima, muzee. Mugongo ilichoka. Mutu akikaa, inashuka, na mulango unakosa njia. Donc, basi, mulango haupimwe na gari tupu. Unapimwa na mwenye kiti. Umulete."

"Nani?"

"Usinifanye mutoto. Mama Kahindo."

Télesphore alikataa katakata. Mjane akikaa asubuhi nzima ndani ya gari la mwanamume, tena Mapendo, jioni parokia itakuwa imekwisha kutangaza ndoa. Ndipo Wenceslas akapata wazo ambalo hadi leo anadai halikuwa lake. Palikuwa na mawe ya volkano kila mahali. Aliinua moja, akaliweka kitini badala ya mwenye kiti.

"Iko hivi?"

"Ongeza," alisema Télesphore.

Akaongeza. "Sasa?"

"Ongeza... apana, toa kidogo. Lakini usitoe sana." Jasho lilimtoka. Hakuwahi kupewa swali gumu namna hiyo, na alijua kwamba lolote atakalojibu litamtia matatani. Ng'ambo ya barabara, Perpétue alicheka mpaka mandazi yakaungua. Kisha akachukua simu.

Muda haukupita, pikipiki ikasimama mbele ya gereji. Mama Kahindo alishuka na kanga yake ya kazi, yenye magamba ya samaki. Alitazama kiti. Alitazama umati, maana tayari palikuwa na umati.

"Ni nani alisema haya mawe ni miye?"

Wenceslas aligundua ghafla kwamba nyundo yake inahitaji kukaguliwa.

"Mama," alisema Télesphore, "tulikuwa tunatafuta... heshima yako."

"Aa! Na hili kubwa? Hili njo heshima ya wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyatupa mawe nje, moja baada ya jingine, na kila moja lilianguka karibu kidogo na miguu ya Télesphore. Lakini kiti kilipokuwa kitupu hakuketi. Alisimama ameshika ukingo wa mlango, na sauti yake ikashuka.

"Unazania nilikasirika juu ya samaki? Wakati tulikimbia Kiwanja, batu tulijazana mu camionnette, gari ndogo ya mizigo, na mulango wake haukukuwa na kitasa. Batoto bangu balikuwa bameegemea pale. Nilifunga kamba ku mulango, nikaizungusha ku mukono, nikavuta mpaka ku kambi ya Kibati. Batoto balifika. Lakini mukono hauyajua bado kama tulifika." Alifungua mkoba, akaonyesha kamba ya katani iliyochakaa. "Kila mulango unaolia, mukono unaenda wenyewe."

Télesphore aliitazama kamba. Vita vyote alibeba watu, akajisifu kwamba hakuacha mtu njiani. Lakini dereva hutazama mbele. Hakuwahi kujiuliza nyuma yake nani alikuwa ameshika mlango, na aliona aibu.

"Ikala, mama," alisema taratibu. "Tutaupiga mpaka mukono wako ujue."

Akakaa. Wenceslas akaweka jeki chini ya nguzo ya mlango, akainyoosha kidogo kidogo, akifungua na kufunga, Mama Kahindo akiwa ndani kama malkia aliyepewa ufalme wa mabati. Wapita njia walimsalimu kama bibi harusi, naye aliwajibu kwa mdomo uliojaa mandazi ya Perpétue, ambaye kwa mara ya kwanza maishani aligawa bure. Adhuhuri ilipofika, mlango ukaingia mahali pake bila kupigwa nyonga. Tuk.

"Tupite Katindo," alisema Mama Kahindo.

Walipolikaribia shimo, Télesphore akakanyaga breki.

"Usipunguze."

Alipiga moyo konde, akaliingia. Gari liliruka, likatua, na huko nyuma kitu kikaanguka kwa kishindo. Mlango haukusema neno. Télesphore alimtazama Mama Kahindo kwa pembe ya jicho. Mikono yake miwili ilikuwa imelala mapajani, na mwenyewe alikuwa anaiangalia kwa mshangao.

Kilichoanguka kilikuwa bampa ya nyuma. Mama Kahindo alishuka, akaiokota, akatoa kamba mkobani na kuifunga kwa mafundo ya mtu aliyewahi kufunga mizigo ya safari ndefu. Alirudi, akafunga mlango kwa kidole kimoja.

"Twende Kituku?" aliuliza Télesphore.

"Kituku kufanya nini? Kaka yangu iko ku nyumba leo. Si ulitaka kumuona? Perpétue alishaniambia."

Télesphore alitafuta gia, akaikosa, akaitafuta tena.

"Lakini ukifika kule," aliongeza Mama Kahindo, "maneno ya mawe usiyaseme."