Maharage Yasiyoliwa

Tuanze na mdomo wa Lackson, maana mambo yote yalitoka humo. Alisema mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mwenye kijiji na mbele ya mama watatu wa kanisa: "Mama Reine, hii udongo ilikufa. Hata mihogo inakatala. Lima mpaka utachoka." Watu wakacheka kidogo, kwa sababu shamba lenyewe walilijua. Lilikuwa kipande kando ya barabara ya Nchelenge, kinachoteremka kuelekea ziwani, mchanga mweupe mtupu, na mihogo michache iliyokonda ikisimama humo kama imesahauliwa. Lackson alikuwa amelitupa miaka saba. Yeye ni mtu wa ziwa, ana mitumbwi na nyavu kule Chisenga, na mambo ya jembe aliyakumbuka Desemba tu, serikali inapofunga uvuvi ili samaki wazaane.

Marthe Banza, ambaye wote walimwita Mama Reine kwa jina la binti yake wa kwanza, alishukuru kwa magoti kuachiwa kipande hicho. Alikuwa amekimbia vita upande wa Pweto, kule Congo, akavuka mpaka na watoto wanne, mume wake hakufika. Kiwanja alichopewa kwenye makazi ya wakimbizi kilitosha nyumba, choo na matuta mawili ya viazi vitamu, basi. Kupiga magoti kwenyewe ndiko kulikuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote. Angejua, angesimama wima.

Mwaka huohuo bwana shamba alikuja makazini akagawa mbegu za mukuna, sahani moja kwa kila mtu. Yalikuwa maharage makubwa, mazuri, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akaeleza kwamba hayaliwi, yana sumu. Unayapanda, yanatambaa, yanafunika shamba lote, halafu unayaacha yafe palepale, majani yaoze yawe chakula cha udongo. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, na walipotoka nje wakayamwaga njiani. Utawalaumu? Mtu ana njaa, unampa maharage, halafu unamwambia asile. Marthe naye alikasirika kama wenzake. Lakini kule kwao aliwahi kuona shamba la parokia likirudiwa na uhai kwa maharage hayohayo, na alikuwa na kipande cha mchanga kinachomsubiri. Akarudi na beseni, akainama, akayaokota moja moja kutoka kwenye vumbi huku watu wakimpita na kumcheka.

Miaka miwili shamba lile halikumpa chakula cha maana. Mukuna ulipanda juu ya kila kitu, ukafunika mchanga, ukafunika hata visiki. Waliopita barabarani walisema mwanamke wa Congo analima majani. Wengine waliogopa kukaribia, wakidhani utawawasha mwili kama upupu wa porini. Kila mwezi wa nane, watu walipochoma nyasi wakiwinda panya, Marthe alilima njia pana kuzunguka shamba lote ili moto usiguse majani yake makavu, na akakaa hapo kutwa nzima na tawi bichi mkononi. Kazi ile ilimpasua viganja. Na tumbo? Tumbo alilipatia chakula ufukweni, kwa kubeba samaki wa watu kutoka mitumbwini, akilipwa bakuli la chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Mara nyingi samaki aliowabeba walikuwa wa Lackson. Lackson alimwona kila siku na ndoo kichwani, akamsalimia vizuri, wala hakuuliza kitu.

Mwaka wa tatu alipanda mahindi, na katikati ya mistari akatia mukuna tena. Jamani, mahindi yale. Yalikuwa ya kijani iliyokolea hadi karibu nyeusi, na ukipekua majani chini ulikuta udongo mweusi, baridi, wenye minyoo minene. Marthe alikuwa akiuchukua kiganjani na kuunusa akiwa peke yake. Watoto walikula mahindi ya kuchoma mpaka wakakataa wenyewe, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona tangu ivuke mpaka.

Hapo ndipo Lackson alipokumbuka kwamba ana shamba.

Mwezi wa nne, mahindi yakiwa yamekomaa, minibasi ilileta wageni kutoka Mansa waje kuona shamba hilo linalosemwa. Bwana shamba alikuwa mpya, hakumjua mtu. Marthe alitoka mstari wa mwisho kule bondeni, jembe begani, matope mpaka magotini, akamkuta Lackson amesimama mbele ya wageni amevaa shati lililopigwa pasi. Eti anawaeleza. Eti udongo unataka uvumilivu. Eti yeye aliona mbali. Wakampiga picha ameshika muhindi. Kisha akamwona Marthe, akamwambia kwa sauti ya mtu anayeita mfanyakazi wake: "Mama, letea bageni mayi."

Na Marthe akaleta. Ndiyo, alileta. Alichota maji, akawapa wageni kwa mikono miwili kama alivyolelewa. Usiku ule na siku nyingi zilizofuata alijitukana moyoni kwa yale maji. Rafiki yake Felistus, muuza samaki wa kijijini waliyeimba naye kwaya moja, alimwuliza kwa nini hakusema. Marthe alijibu kwamba mgeni akisema, anakuwa mgeni mwenye kelele. Felistus alisonya, akamwambia basi ajiandae, maana yule bwana hakupiga pasi shati bure.

Hakukosea. Wiki mbili baada ya mavuno Lackson alikuja kusema analitaka shamba lake. Alisema kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi. Mitumbwi siku hizi haileti kitu, samaki wamepungua, na watoto ni wengi. Alimshukuru hata kwa kumtunzia. Kumtunzia! Kana kwamba mchanga ule ulikuwa mbuzi aliyeachiwa amfunge kamba tu.

Marthe akaenda kwa mwenye kijiji, Bashikulu Kapembwa. Alimkuta barazani akitengeneza mnyororo wa baiskeli, na ndani, jikoni kwa mke wake, samaki walikuwa wakikaangwa. Kila mtu alijua Jumamosi samaki wa nyumba ile walitoka kwa nani. Hata hivyo Marthe aliwaita mashahidi wake, wale mama watatu wa kanisa na Felistus wa nne, na Lackson akaja pia, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwapo.

Shauri lilikwenda kwa Kibemba. Marthe alikuwa amejifunza Kibemba cha kutosha kusikia anavyonyang'anywa. Mama wa kanisa wakasema ukweli: mtu huyu alisema lima mpaka utachoka. Lackson akacheka, akasema yale yalikuwa maneno tu, mtu husema hivyo. Kapembwa aligeuza mnyororo mikononi muda mrefu bila kumtazama mtu usoni. Mwishowe akaamua kwamba ardhi ni ya Lackson, wala mgeni haondoki na ardhi ya mtu. Lakini alichopanda mtu ni chake, hiyo ndiyo desturi tangu zamani, na Mama Reine achukue chochote alichopanda kabla mvua haijaanza.

Hasira ilimpanda Marthe mpaka masikio yakaziba. Ilikuwa hasira ya miaka mitatu, ya beseni lile la njiani, ya maji ya wageni. Lakini sauti ilipotoka ilitoka taratibu, kwa Kiswahili, ili Lackson asikie vizuri kwa lugha waliyopatania shamba.

"Ba Lackson, siku ile ulinipatia nini?"

Lackson akasema alimpa shamba.

"Ulinipatia muchanga. Ulisema mwenyewe, ilikufa. Yote yenye iko juu ya ile muchanga, ni mimi nilipanda. Mahindi nilivuna. Sasa nitachukua na majani."

Lackson akaangua kicheko, akapiga goti lake kwa kiganja. Achukue, alisema, achukue takataka zake zote mpaka jani la mwisho. Yeye anapenda shamba safi, alilelewa na mama anayefagia. Kapembwa naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema basi, shauri limekwisha bila ugomvi.

Kesho yake walikwenda wanawake kumi na wawili, wa makazini na wa kijijini, Felistus mbele. Walikuwa na magunia, mabeseni na vitenge vikuukuu. Walikunja ule mkeka wa majani na mashina kama mtu anayekunja jamvi baada ya matanga, wakaanza kuubeba kichwani mpaka makazini. Na hapa lazima niseme yaliyompata Marthe, maana si ya kujisifia. Alipoinua mzigo wa kwanza akauona udongo mweusi umelala wazi juani, minyoo ikijikunja kutafuta giza, aliona aibu. Udongo haukumkosea kitu. Yeye ndiye aliyeufunika, na sasa anauvua nguo mbele ya barabara. Akainama kurudisha mzigo. Felistus akamshika mkono, akamwuliza kama anataka kumwachia Lackson na hii. Marthe akafikiria ile sauti ikimtuma maji. Akaubeba.

Siku tatu walifanya kazi ile. Lackson alipita na baiskeli, akasimama kuwatazama, akafurahi kweli. Aliwaambia watu ufukweni kwamba wanawake wa Congo wamemsafishia shamba bure, hata pombe ya kuwapa wafanyakazi hakupika.

Mwezi wa kumi na moja akaweka vibarua. Walimpigia matuta marefu, yaliyonyooka kutoka barabarani mpaka bondeni, yanayopendeza ukiwa kwenye minibasi. Walichoma visiki na mizizi iliyobaki, shamba likang'aa. Mahindi yaliota vizuri, akajisifu. Kisha mvua ya ziwa Mweru ikaja, ile inayopiga siku tatu bila kupumua, na maji yakakuta njia zimekwisha kunyooshwa. Yalishuka na matuta yote, yakachukua udongo mweusi kwanza, kwa sababu ndio uliokuwa juu, yakaupeleka ziwani. Marthe alipopita kwenda kanisani aliona maji ya ufukweni yamekuwa ya kahawia. Alijua ni nini kile. Hakufurahi hata kidogo, alilia akitembea, na hasira zikamrudia upya, kwa Lackson, kwa Kapembwa na mnyororo wake, na kwa mikono yake mwenyewe iliyobeba.

Mwezi wa kwanza mahindi yalifika magotini yakageuka manjano, yakakaa hapo. Mchanga mweupe ulikuwa umetokeza tena. Serikali imefunga ziwa, mitumbwi imepinduliwa.

Lackson alikuja makazini siku moja asubuhi akisukuma baiskeli. Marthe alikuwa nyuma ya nyumba, anapalilia. Kiwanja kile kidogo, kilichokuwa changarawe, sasa kilikuwa na majani yale yaliyobebwa kichwani, yameoza na kuwa meusi, na maboga, kunde na mahindi yalikuwa yanasongamana humo mpaka ukutani mwa choo. Hakikutosha watu watano, lakini hakuna aliyeweza kuja kukidai.

Lackson alivua kofia. Aliulizia watoto, akasifia mvua, akazunguka kama mtu asiyejua mlango uko wapi. Mwishowe akasema Mama Reine arudi, alime, watagawana nusu kwa nusu.

Marthe hakuinuka. "Uende kwa Bashikulu," alisema, "mbele ya bale bamama, useme nani alifufua ile shamba. Alafu tutaongea."

Lackson akatazama kofia yake. Alisema mambo yale yamepita, na mtu mzima hawezi kusimama kujiaibisha kijijini. Basi, akasema, amsaidie angalau mbegu, atapanda mwenyewe.

Marthe akaweka jembe chini. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na sahani moja ya mukuna, kiasi kilekile walichomwaga watu njiani siku ile. Hakuondoa hata punje moja kumpunguzia. Akampa kwa mkono mmoja.

"Hizi hazikuliwi," alimwambia. "Unapanda, unaacha ifunike, ikufe palepale. Usichome. Miaka miwili. Mwaka wa tatu utakula."

Lackson alizitazama zile mbegu zinavyong'aa. Alikuwa na watoto saba, na ziwa lilikuwa limefungwa. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimuuliza swali la kweli, kwa sauti ndogo.

"Miaka miwili yote, Mama, batoto batakula nini?"



"Bangu balikuwa bane," Marthe alisema. "Haukuniuliza."

Akachukua jembe lake, akarudi kwenye kunde.