Weusi wa Kisu cha Mzee Rubeni

Ikupa alitaka kumfurahisha mkwewe, basi. Mkwe huyo, Mama Marita, alikuwa amekwenda Chitete kwa siku tatu, na kisu cha marehemu mumewe, mzee Rubeni, kilibaki jikoni, cheusi ti. Mhunzi alikifua kutoka springi ya lori, na kwa miaka ishirini na tano mzee alichuna nacho mbuzi wa nusu ya kijiji cha Ivuna. Ikupa, mke wa miezi minne katika nyumba ile, hakuwa ameruhusiwa kukishika.

Alichukua msasa, majivu na limao. Alisugua kutoka asubuhi hadi jua la utosi, mpaka akayaona meno yake kwenye chuma. Kisha akakiegemeza dirishani, akaenda kufunga chumvi yake ya kuuza kwenye mifuko. Jioni akakishika tena kukitazama, kwa mikono ile ile ya chumvi.

Kulipokucha kisu kilikuwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua.

"Weusi ndio uliokikinga," alisema Isaka, mumewe. "Chuma hiki si kama visu vya dukani. Baba alikata nyama, akakata vitunguu, akafuta, akapaka mafuta. Kikajiotea ngozi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Isaka alicheka, kisha akaacha. "Sikia. Paka masizi na mafuta. Macho ya mama si ya jana."

Ikupa akakwangua masizi chini ya sufuria, akapaka upande mmoja. Kweli, kwa mbali kilikuwa kile kile. Akakaa nacho mapajani. Akiyaacha masizi yale, kila mama akikata kitu, yeye atakuwa anamchungulia vidole kama vimetoka vyeusi. Ataishi hivyo hadi lini? Akayafuta.

Mama Marita alipofika, Ikupa hakungoja hata afungue mzigo. Akapiga goti, akamkabidhi kisu kwa mikono miwili.

"Mama, nimeharibu kisu cha baba. Nilidhani ni uchafu."

Mama akapitisha kidole gumba juu ya bapa, taratibu.

"Kazi yake ya kwanza ilikuwa mbuzi wa ubatizo wa Isaka," akasema. "Na masizi haya kwenye mpini, nani alikufundisha?"

Isaka, pale mlangoni, akakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa.

"Nilipaka, mama. Halafu nikafuta."

"Nimeona. Kutia uzi kwenye sindano ndiko kunakonishinda, si kuona masizi."

Akakata kitunguu nusu, akakichovya kwenye majivu laini, akasugua madoa tu, pengine pote akapaacha. Akasuuza, akakausha juu ya makaa, akapaka tone la mafuta ya alizeti.

"Maji yakibaki, umefanya kazi ya kutu. Chumvi ndiyo mbaya zaidi. Haya, kata vitunguu. Vyote."

Ikupa akakata. Karibu na cha kumi, ubluu hafifu ukaanza kutambaa kwenye chuma, mabaka mabaka.

"Si kama ule wa mzee," alisema mama.

"Hapana, mama."

"Hautakuwa." Alikitazama tena, akavuta pumzi. "Jumamosi jirani yetu Damiano ana kipaimara cha binti yake. Mbuzi utamchuna wewe. Mimi nitakushikia miguu."