Tonge la Makapi

Nitasema kweli, maana uongo umenichosha: nilimwonea mdogo wangu gere. Si gere ya kugombania shati. Ni ile ya kumtazama mtu wa tumbo moja nawe akicheka, ukatamani ajikwae mbele za watu.

Mimi ni msimamizi wa kinu cha mwisho katika kiwanda cha sukari. Kabla miwa haijaingia kwangu hunyunyiziwa maji ya moto ili kusuuza sukari iliyobaki. Kinachotoka ni makapi, nayo huenda moja kwa moja kwenye boila kuwa kuni. Maji yakizidi, tunapata sukari kidogo ya ziada lakini makapi yanakuwa mabichi na moto unasinzia. Kipimo changu ni mkono. Nafinya makapi, nafungua vidole. Yakishikana kama tonge, ni mabichi. Yakimwagika, ni sawa. Ndiyo maana kiwanda kizima kinaniita Kiganja, na jina hilo nilitembea nalo kama cheo.

Kisha mdogo wangu akarudi kutoka masomoni. Kimo changu, pua yangu, ila shati limepigwa pasi. Akaja na boila mpya na maneno yake: mvuke usipotee bure, uzungushe jenereta kwanza, halafu mvuke uleule uende kuchemsha juisi ya miwa. Moto mmoja, kazi mbili. Umeme utakaozidi uende mjini, na makapi ya akiba yaendeshe mtambo hata miwa ikiisha shambani, watu wasirudishwe makwao kila msimu ukifungwa. Miaka ishirini tulisifiwa kwa kuyachoma makapi yaishe tu, lundo lisituzibie njia, na huyu anakuja kutuambia tulikuwa tunachoma mali. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyumbani ndiko walikonimaliza. Mama aliishusha picha yangu ya harusi sebuleni kwake, akatundika ya mdogo wangu akiwa na joho. "Yako nimeipeleka chumbani, mwanangu," akasema. "Huku sebuleni jua linaifubaza." Jua gani hilo linalochagua picha? Mke wangu naye, shemeji hivi, shemeji vile. Siku moja aliniuliza mvuke unazungushaje jenereta. Nikaanza kumweleza. Sijafika katikati akasema, "Basi, nitamuuliza shemeji, yeye anaeleza vizuri." Chakula kikanishinda.

Halafu kikaja kijitanuri cha maabara cha kupimia unyevu wa makapi. Kinachukua zaidi ya saa nzima kusema kile ambacho mkono wangu unasema papo hapo. Lakini kinatoa namba, na ofisini wanapenda namba. Hakuna aliyekuja kuniuliza tena.

Siku ya jaribio, wageni walifika asubuhi, wale ambao wangeamua kama umeme wetu utachukuliwa. Sharti lao lilikuwa moja: kwa muda wa saa mbili mfululizo, presha ya mvuke isishuke chini ya mstari mwekundu. Ikishuka, mradi unafungwa na mdogo wangu anafungasha virago. Meneja aliwapitisha kwenye kinu changu bila hata kusimama. "Na hapa ni makapi tu," akawaambia.

Makapi tu! Damu ilinichemka. Nikaenda kwenye koki ya maji ya moto, nikaifungua robo. Kisha robo nyingine. Jibu nilikuwa nalo tayari: natafuta sukari, bosi, si ndiyo kazi yangu? Hakuna ambaye angenishika.

Baada ya muda moshi wa bomba ukawa mweupe, mzito. Geji kubwa ya ukutani naiona kutoka ninaposimama, na sindano yake ilianza kushuka. Sitaficha, nilifurahi. Nilimwona mdogo wangu juu ya ngazi ya boila, shati la pasi limemganda mgongoni, nikasema moyoni: haya, sasa waeleze vizuri.

Alishuka mbio, wageni na meneja nyuma yake. Nilidhani atakimbilia maabara. Hakwenda. Alisimama kwenye mkanda unaotoka kwangu, akachota makapi, akafinya, akafungua vidole. Tonge likakaa.

Mimi ndiye niliyemfundisha hilo, tumekaa kizingitini kwa mama, yeye hana meno ya mbele.

Akaitazama koki. Akanitazama mimi.

"Kuna nini?" meneja akauliza.

"Makapi ni mabichi," mdogo wangu akasema. "Tukingoja maabara tumekwisha. Lakini yupo mtu mmoja hapa anayepima kwa mkono, naye ndiye aliyenifundisha mimi. Huyu ni kaka yangu." Kisha akanigeukia. "Kaka, tusaidie."

Macho yote kwangu. Nikaifunga koki nusu ile ile niliyoifungua. Nikawa nafinya, namwaga, nafinya tena, mpaka makapi yakamwagika yenyewe. Sindano ilisimama juu kidogo tu ya mstari mwekundu, ikasita, ikapanda.

Wakapiga makofi. Mgeni mmoja aliomba nimwonyeshe namna ya kufinya. Meneja akanipiga begani, "Kiganja! Kumbe fundi tunaye humu humu!" Makofi hayo nilikuwa nayatamani miaka yote. Yaliponifikia sikujua pa kuuweka uso wangu.

Muda ulipotimia na wageni kuondoka, mdogo wangu alibaki nyuma. Akatoa tonge lile mfukoni, akaniwekea mkononi. "Robo mbili, kaka?" akauliza kwa sauti ya chini. Hakungoja jibu, akapanda ngazi kurudi kwenye boila yake.

Mnadhani nilimshukuru? Nilimwonea gere upya, kwa sababu ningekuwa mimi, ningemwanika mbele ya wote.

Jioni mama akanipigia simu, kicheko kimemjaa. "Nimesikia ulivyookoa kazi leo! Picha yako nimeirudisha sebuleni, kando ya ya mwenzio."

"Nani kakwambia, mama?"

"Mdogo wako, nani mwingine?"

Tonge lilikuwa bado kwenye mfuko wangu wa suruali. Limekauka, ila lilikuwa bado limeshikana.

"Irudishe chumbani, mama," nikamwambia. "Huko sebuleni jua kali."