Risala kwa Shemeji

Bernado Magesa alistaafu kazi ya ghalani mwaka tisini na moja. Walimpa saa ya ukutani isiyo na betri na barua yenye mihuri mitatu. Tangu hapo kazi yake ya kila asubuhi, pale nyumbani kwao Musoma, ilikuwa kupanda juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuzipanga betri nne za redio juu ya bati zipate jua zifufuke. Betri mpya zilikuwa zimejaa madukani, na yeye hakuwa na za kununulia. Hayo ndiyo mageuzi. Zamani hela ilikuwepo na kitu hakuna. Sasa kitu kipo na hela hakuna. Na aliyekuwa anakula vizuri zamani, ukimchunguza sana, ni yuleyule anayekula vizuri leo.

"Baba Esta, shuka utavunjika nyonga," mkewe Eufrasia alimwambia kutoka jikoni. "Hiyo redio itasema nini ambacho hujakibishia?"

"Kuna taarifa ya habari saa nne."

"Na kuna harusi baada ya wiki tatu. Hiyo haitangazwi redioni. Umeamua nini?"

Bernado alisogeza betri moja ipate jua zaidi. Alijua anaulizwa nini.

Kwao Bukima, bibi harusi hatolewi nyumbani na baba yake. Anayemshika mkono na kuvuka naye kizingiti ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba akikosekana, wazee wa upande wa mume wanaulizaga kwa sauti, tena kwa makusudi: huyu mama wa binti aliokotwa wapi? Esta, kitinda mimba wao, alikuwa na mjomba mmoja tu duniani, Pastory, mdogo wake Eufrasia, aliyekuwa anaishi Bunda. Na Pastory alikuwa hajakanyaga nyumba ya dada yake kwa miaka kumi na moja.

Sababu ilikuwa sabuni.

Tuliokuwepo mwaka themanini na tatu tunakumbuka. Sabuni ilipotea mpaka watu wakafulia majani ya mpapai. Ulipotangazwa msako wa walanguzi, wenye maghala makubwa walikuwa wameshapata habari, wakahamisha mali kwa malori mchana kweupe, na majina yao tunayo. Waliobaki kukamatwa ni watu wa namna ya Pastory, mwenye kaduka ka mbao na katoni sita za sabuni ya mche uvunguni mwa kitanda. Bernado alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alijua katoni zilipo kwa sababu mche mmoja ulikuwa umefulia gauni la Esta la kipaimara. Pastory mwenyewe ndiye aliyemletea dada yake, ameufunga kwenye gazeti.

Bernado akawaongoza mgambo mpaka mlangoni. Pastory alipomwona alicheka, akadhani ni ule utani wao wa kila siku.

"Shemeji, leo umeniletea wageni bila taarifa? Nitawapikia nini?"

"Hapa hakuna shemeji," Bernado alisema, watu wote wanasikia. "Niite Balozi."

Pastory alikaa mahabusu miezi tisa bila kusomewa kesi. Alipotoka, kaduka kalikuwa kameshang'olewa mbao na mkewe amerudi kwao Bugwema. Akahamia Bunda, akaanza upya kwa kuuza chumvi kwenye gunia lililotandikwa chini. Na mambo yalipofunguliwa, sabuni ikarudi kwa rangi zote saba, yakatokea magari ya wakubwa yenye sabuni mpaka kwenye buti, na hakuna balozi aliyetumwa kugonga mlango wa mtu.

"Nitakwenda," Bernado alisema siku hiyo, ameshuka kwenye ndoo. "Tutakwenda wote."

Eufrasia alipanga kila kitu. Mkosaji hajisemei mwenyewe, anatafuta mtu mzima asiye na upande amsemee. Kwa hiyo wangepitia Butiama kumchukua mzee Ngolo, aliyewahi kufanya kazi na Bernado ghalani na kunywa chai na Pastory dukani. Alibanika sato kumi na wawili wakubwa, akawapanga kwenye tenga kwa majani ya mgomba. Kwenda kuomba na mikono mitupu ni kama kwenda kutukana.

Alhamisi wakapanda basi la Mwanza. Walipofika Makutano wakashuka ili watafute gari la kuingia Butiama, na basi likaondoka.

"Tenga umelishusha?" Eufrasia aliuliza.

"Si wewe ulikuwa upande wa ngazi?"

"Mimi mwanamke nipande kwenye keria na wewe umesimama? Mkononi ulikuwa umeshika nini?"

Bernado akaonyesha bahasha ya kaki.

"Bahasha! Samaki wangu wanakwenda Mwanza, wewe umeshika bahasha! Ina nini humo?"

"Risala."

Eufrasia akakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Alimjua mumewe. Miaka yote ya kazi yeye ndiye aliyekuwaga mwandishi wa risala: ya kumkaribisha mkuu, ya kumuaga mkuu, ya kumpongeza mkuu kwa kuahidi maji. Maji hayakuja, na mwaka uliofuata Bernado akaandika nyingine.

"Baba Esta," alisema taratibu, "yule ni mdogo wangu. Siyo mgeni rasmi."

"Nimepanga mawazo tu. Ngolo ndiye atakayesema."

Lakini Butiama walimkuta mke wa Ngolo peke yake, mama mmoja anaitwa Gati, anapepeta mtama.

"Mzee yuko Buhemba tangu juzi," alisema. "Mtoto wetu kaangukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu. Mguu tu, namshukuru Mungu. Kesho jioni wanarudi. Laleni hapa, kesho kutwa mwende naye."

Eufrasia alikuwa ameshafungua kilemba. "Tutalala. Asante, mama."

"Hatulali," Bernado alisema. "Bunda tunafika leo. Nitajisemea mwenyewe."

"Wewe?" Eufrasia alimgeukia. "Tangu unioe hujawahi kusema. Unahutubiaga tu."

Gati akacheka mpaka ungo ukayumba. Bernado hakucheka. Ukweli ni kwamba moyoni alikuwa amefurahi kumkosa Ngolo. Ile risala ilikuwa imemchukua siku nne, aliinakili mara tatu, na hakutaka mtu mwingine aizungushe kwa maneno ya kienyeji. Hilo nalo tuliandike: angelala Butiama siku mbili tu, labda hadithi hii isingekuwepo.

Walifika Bunda alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Duka la Pastory sasa lilikuwa la matofali, na nyumba iko nyuma yake. Alitoka akiwa na kalamu sikioni. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu." Eufrasia alimshika mikono yote miwili, hakuiachia haraka.

Kisha Pastory akamgeukia Bernado. Zamani angemnyang'anya kofia na kuwatangazia majirani kwamba mwizi wa dada yake amekuja kujisalimisha. Zamani wangeanza kutukanana kabla hata ya kusalimiana.

"Karibu, Balozi," alisema. "Pita ndani."

Wakakalishwa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Soda zikaletwa kwenye sinia, na mirija, kama kwa mtu aliyetoka wilayani. Hakuna aliyeulizwa kwa nini amekonda. Hakuna aliyeambiwa kiti hicho ni cha watu wenye akili. Bernado alikunywa soda yake yote. Yeye aliyekaa na wakubwa wengi hakuwahi kuona heshima inayouma namna ile.

"Mimi na dada yako tumekuja, tuna neno," alianza.

"Nasikiliza."

Bernado akasimama. Hakuna aliyemwomba asimame. Akatoa karatasi, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akakohoa.

"Ndugu Pastory. Awali ya yote natoa shukrani kwa mapokezi mazuri. Pili, itakumbukwa kuwa mwaka 1983 nchi yetu ilikuwa katika hali ngumu iliyosababishwa na vita, ukame, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Tatu, kufuatia maelekezo kutoka ngazi za juu, ilibidi hatua zichukuliwe. Nne, katika utekelezaji wa hatua hizo, yalijitokeza mapungufu ya kibinadamu yaliyoleta usumbufu kwa baadhi ya wananchi, wewe ukiwa mmojawapo..."

Miwani ikamwangukia. Akaiokota, akatafuta mstari.

"Tano, tunasikitika. Sita, tunaomba uhudhurie harusi ya mpwa wako Esta, tarehe kumi na mbili, kwa nafasi yako ya mjomba. Mwisho, nakutakia afya njema."

Akakunja karatasi. Nje ya dirisha kuku alikuwa anaparura bati. Eufrasia alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Nina swali moja," Pastory alisema, "kama kikao kinaruhusu. Hatua zilichukuliwa. Nani alizichukua? Maana kwa nilivyosikia zilijichukua zenyewe, zikatembea kwa miguu yao, zikagonga mlango wangu, zikaingia uvunguni."

"Pastory, mazingira ya wakati ule..."

"Weka karatasi. Keti. Mimi sitaki mazingira. Niambie sentensi moja, kwa mdomo, ulichofanya wewe. Hata maneno mawili yanatosha. Ukiyasema, kesho naanza kumshonea Esta gauni la kutokea nyumbani."

Bernado alikuwa na ile sentensi. Alikuwa nayo miaka kumi na moja, imekaa kooni. Akafungua mdomo.

"Lazima uelewe," alisema, "kwamba hata mimi nilikuwa chini ya shinikizo. Ukiangalia muundo wenyewe, balozi ni mtu mdogo sana. Maamuzi yanatoka..."

Pastory akapiga makofi. Matatu, ya polepole, kama tunavyowapigia watu mikutanoni jua likiwa kali.

"Risala imepokelewa," alisema. "Itafanyiwa kazi."

Ndipo Eufrasia alipoinuka. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mdogo wake, mwanamke wa miaka sitini, na Pastory akaruka kwenye kiti kumzuia.

"Dada, usinifanyie hivyo!"

"Usinipe mimi adhabu ya mwingine. Mimi ndiye nitakayeulizwa niliokotwa wapi. Mimi, siyo huyu."

Pastory akamrudisha kwenye kiti, mkono ukiwa bado begani. Mwisho akasema, bila kumwangalia Bernado, "Kwa ajili yako na mtoto, nitakuja. Lakini kizingiti cha Balozi sivuki. Nitasimama barabarani. Mtoto mniletee hapo."

Tarehe kumi na mbili Pastory alikuja kweli, kwa basi la asubuhi, na suti ya kijivu. Akasimama barabarani, ng'ambo ya mtaro, na hakukubali hata kiti. Wageni wakanong'onezana. Wazee wa upande wa mume wakaulizana kama hiyo ndiyo desturi ya watu wa Bukima, na shangazi mmoja akajibu kwamba ndiyo, tangu zamani, maana aibu ya ukoo hufichwa na yeyote aliye karibu.

Tangu watoke Bunda Bernado alikuwa amejiambia atatoka. Atavuka uwanja mbele ya watu wote, atamfikia, atasema. Hakuwa na karatasi safari hii. Eufrasia alipomtoa Esta chumbani, kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine, alisimama kidogo mlangoni. Alimtazama mumewe. Akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

Bernado akainama, palepale ndani ya mlango uliokuwa wazi, akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Akasikia vigelegele kutoka barabarani. Alipoinua kichwa, Esta alikuwa ameshashikwa mkono, gari linaondoka kwenda kanisani, na uwanja ni mweupe kabisa mpaka kwenye mtaro.

Jumapili mchana walikuwa wawili tu nyuma ya nyumba, wanasugua masufuria ya kuazima kwa majivu. Redio ilikuwa kimya. Bernado alisugua kifuniko kimoja mpaka kikang'aa, akaendelea kukisugua.

"Nilimuuza Pastory," alisema.

Eufrasia hakuinua uso.

"Mimi. Hakuna aliyenituma. Jina lake halikuwemo kwenye orodha iliyotoka juu. Nililiongeza mimi kwa kalamu yangu. Nilitaka waone kwamba mimi sina upendeleo, kwamba hata shemeji yangu namtoa. Nikadhani watanipa ukatibu wa kata." Akageuza kifuniko. "Hata hawakunipa."

Maji ya kwenye beseni yalikuwa yamekuwa meusi. Eufrasia aliyamwaga, akachota mengine.

"Hayo siyo yangu," alisema. "Mpaka barabarani ilikuwa hatua arobaini. Nilizihesabu nikimpeleka mtoto."

"Kesho nakwenda Bunda. Nitamwambia kama nilivyokwambia."

"Jana alichelewesha kuondoka," Eufrasia alisema. "Dereva anapiga honi, wasimamizi wanalalamika, yeye kasimama tu. Nikamwambia, twende, padre anasubiri. Hakusikia. Alikuwa anakuangalia wewe na viti vyako." Akachukua gunzi la mahindi, akalisugua sufuria pembeni. "Halafu akasema, 'Dada, mwambie huyo asije tena Bunda. Nilikuwa nimempa mpaka leo.'"

Bernado alikaa na kifuniko magotini. Baadaye akakiweka chini, akalivuta sufuria kubwa la jirani, lile lililoungua wali, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Eufrasia alilisogeza kopo la majivu katikati yao.