Barua ya Danielle

Barua zilikuwa kumi na tano, zimefungwa kwa waya mwembamba wa shaba, na kila moja ilianza kwa saa na hali ya hewa. Gracien, mwangalizi wa mitambo ya umeme kule Koni, hakujua kuandika vinginevyo. Alizisukuma juu ya meza hadi mbele ya binti yake Arielle, aliyetimiza miaka kumi na minane siku hiyo.

Arielle alisoma bila haraka. Kwenye ya nne akacheka.

"Papa, weye unaandikaka kama ripoti ya kazi! 'Saa kumi na mbili, mvua ndogo, jino la mbele limetoka.'"

"Nilitaka kisipotee kitu."

Alipomaliza ya mwisho, alitazama chini ya meza, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Na za Danielle?"

Arielle na Danielle walizaliwa mapasa, watoto wa mimba moja, na katika nyumba ya mapasa vitu vyote huwa viwili viwili, hata mmoja anapokuwa kaburini. Mama yao, Josée, alishona magauni mawili kila mwaka. La pili alimpa mtoto wa jirani. Gracien aliandika barua moja tu, ya Arielle, kila siku yao ya kuzaliwa tangu msiba.

Si kwamba hakujaribu. Kila mwaka alichukua karatasi ya pili, na kila mwaka saa yenyewe ilimshinda kuandika. Jumapili ile Danielle alipougua, akiwa na miaka mitatu, Josée alikuwa Mulungwishi kwenye mkutano wa kina mama. Gracien aligusa paji la mtoto, likamchoma kiganja. Akasema moyoni ni joto la michezo, akamlaza, akarudi kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Josée aliporudi Jumatatu alfajiri, Gracien alimwambia homa ilikuwa imeanza alfajiri hiyohiyo. Kwa miaka kumi na tano Josée amewaambia watu kwamba ugonjwa ule ulikuja mbio ukamchukua mtoto.

"Sikujua nimwandikie nini," Gracien alisema.

"Umwandikie kama unaniandikiaka miye. Saa, mvua." Arielle akamsogezea karatasi.

Gracien alichukua kalamu. Kisha akaandika: *Danielle. Jumapili, saa kumi jioni, jua kali. Una homa.*

Arielle alisoma kutoka upande wa pili wa meza. Tabasamu likafutika usoni.

"Jumapili? Mama anasemaka Jumatatu."

Uani, mchi uliokuwa ukitwanga sombe, majani ya muhogo, ukanyamaza.

"Mumemaliza kusoma?" Josée aliita. "Nakuja, miye pia nisikie!"

Aliingia akipangusa mikono, magauni mawili mapya begani. Gracien hakuifunika karatasi.