Kisingizio cha Mgongo

Kwa miaka mitatu Lorna Tregenza hakutambua kwamba mgongo wa mumewe ulikuwa mzima. Hakuna mtu wilayani ambaye angemlaumu. Desmond alikuwa mnyoaji wa kondoo tangu akiwa na miaka kumi na sita, na huko magharibi mwa jimbo la Victoria mgongo wa mnyoaji ni jambo linalosadikiwa bila ushahidi. Mwanamume anayeinama juu ya kondoo mia moja na hamsini kwa siku akisema, "Godoro hili litaniua, acha nikalale verandani," mkewe humtandikia kitanda verandani. Lorna alitandika. Akanunua na chupa ya mpira ya maji ya moto.

Alichokiona ni mambo mengine. Aliona kwamba Desmond ameanza kufunga mlango wa bafu kwa komeo. Aliona kwamba akimgusa bega jikoni, bega hukakamaa. Mwaka wa kwanza alisubiri. Wa pili alijitazama kwenye kioo na kujilaumu mwenyewe. Wa tatu alipata jibu, na jibu hilo liliitwa Glenda, mpishi wa kambi ya wanyoaji, mjane mcheshi mwenye sauti ya kuvuka uwanja.

Hivyo, siku ya kumaliza unyoaji kwenye shamba la akina McIvor, wanyoaji walipokaa bandani juu ya marobota ya sufu na bia mikononi, Lorna, aliyekuja kusherehekea nao, alikuwa amejaa hasira hadi pomoni.

"Shemeji, mzee wako leo kanyoa mia na sitini!" Kev, mwenzake Desmond, alimpigia kelele. "Mgongo gani huo anaotulilia kila siku?"

"Kondoo anawaweza sana," Lorna alijibu, macho yake kwa Glenda. "Muulizeni mara ya mwisho kumshika mkewe ilikuwa lini. Miaka mitatu! Nadhani kondoo wamemmaliza."

Banda zima liliangua kicheko.

"Des, wee! Aibu gani hiyo!"

"Mwiteni kondoo dume wa McIvor amfundishe kazi!"

Glenda alicheka kuliko wote, kwa moyo mweupe kabisa, kisha akamgeukia Lorna na kumshika mkono kwa huruma. Papo hapo Lorna akajua kwamba jibu si Glenda. Desmond aliiweka chini bia yake, ambayo hata nusu haijafika, akatoka.

Wiki tatu baadaye kidole chake cha pete, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikijikunja polepole kuelekea kiganjani, kilimfanya aiangushe mashine ya kunyolea. Lorna akampeleka kliniki mjini na kuketi kando yake. Daktari Wijeratne alikipapasa kiganja, akaufuata kwa kidole gumba uzi mgumu uliojificha chini ya ngozi.

"Ugonjwa huu wa makovu wakati mwingine una ndugu yake," alisema kwa upole. "Kovu kama hili linaweza kuota ndani ya uume, ukapinda. Umewahi kuona kitu kama hicho, Bwana Tregenza?"

"Hapana," Desmond aliuambia ukuta.

Lakini masikio yake yaliiva, na wekundu ukamshuka hadi shingoni. Lorna alikuwa ameishi naye miaka ishirini na tisa. Hakuhitaji jibu jingine.

Walikaa garini bila kuwasha injini.

"Ilianza lini, Des?"

Desmond alijibu akikitazama kioo cha mbele. Mwanzo yalikuwa maumivu, tena pale tu uume uliposimama. Kisha akagusa uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya njegere. Akadhani ni saratani, akadhani pia kwamba asipoitaja itaondoka. Baada ya miezi kadhaa uume ukaanza kupinda, juu na kushoto, hadi tendo lenyewe likawa haliwezekani. Kufikia mwisho wa mwaka maumivu yalikwisha, naye akafurahi, akidhani anapona. Kilichopona ni maumivu tu. Mpindo ulibaki, urefu ukapungua, na hatimaye, kwa hofu, hata kusimama kukakoma.

"Nilikuwa nauogopa mkono wako," alisema. "Ukinigusa bega, nilijua kinachofuata."

"Mimi si mkeo? Ungeniambia tu."

"Ningeanzaje? Nikuambie nimepinda kama msumari uliogongwa vibaya?"

"Ungesema hivyo hivyo, Des. Hivyo hivyo."

"Siku ile kwa McIvor nilikuwa nimeshaamua. Kweli tena. Asubuhi nzima nanyoa huku napanga maneno. Nikasema, tukifika nyumbani tu, namwambia."

Lorna alifunika uso kwa viganja. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe, mama. Sina kinyongo. Ila kila nikikutazama, nawasikia wale wakicheka."

Mwezi wa nane Desmond alihamia kwa kaka yake, katika mji wa Mildura. Daktari bingwa alithibitisha kwamba mpindo umeacha kuongezeka, na mwaka uliofuata akaunyoosha kwa upasuaji. Lorna aliipata habari hiyo kwa simu, akasema amefurahi, na alikuwa amefurahi kweli. Hawakutalikiana. Kila Jumapili Desmond humpigia, nao huzungumza juu ya mvua.